Kahawa ya Nyumba ya Bernadeta

Rozi, sikia alichofanya shangazi Eufrazia leo!

Unakumbuka 1989, mumewe alipokufa kwa ukimwi? Bernadeta alikaribishwa kahawa ya kutafuna, ile apewayo kila mgeni, pale mgahawani kwa shangazi, Nshamba, akaisukuma mbele ya wateja. "Siwezi kutafuna kahawa ya nyumba hii." Wateja wote wakakimbia. Akabaki Lukmani tu, mchuuzi wa samaki, akileta wapagazi wake kula kila siku mpaka mgahawa ukasimama tena.

Sasa leo, posa ya mjukuu wa Bernadeta. Wakwe wamejaa. Bernadeta mwenyewe anapitisha kahawa!

Shangazi akaisukuma. Akaisukuma, Rozi! "Siwezi kutafuna kahawa ya nyumba hii."



Akafungua mkoba, akatoa kahawa zake, akampa wa kwanza Lukmani, aliyealikwa pia na kukaa kando yake. Wakatafuna taratibu, wanamtazama Bernadeta.