Mawe Saba ya Chokaa

Nyumba za Kituo,
Ziwani, kaskazini.
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wote wa tumbo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia, na macho bado yanakubali mwandiko wangu, ambao siku hizi unatambaa kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Wajukuu hawajambo? Yule mkorofi wa mwisho ameshaota meno, au bado anawang'ata watu kwa ufizi?

Mimi nikisema sijambo nitakuwa nimekudanganya, na barua hii nimekusudia isiwe na uongo. Moyo umechoka. Daktari sasa anazungumza zaidi na nesi kuliko na mimi, nami nimeelewa maana yake. Nesi ni mtu wa utani. Juzi aliniandikia kwenye kikaratasi, maana masikio yangu unayajua, kwamba kama nimeamua kuondoka basi nisichague Jumatano, kwa sababu Jumatano gari la zahanati huwa gereji. Nilimwahidi nitajitahidi.

Wenzangu wote walihama mitambo mipya ya mvuke ilipojengwa ng'ambo ya ziwa. Katika nyumba kumi na mbili, ni mimi tu ninayewasha taa. Sakafu bado ina joto lake la chini kwa chini, kwa hiyo natembea peku kama tulipokuwa watoto. Nikifungua dirisha naona mvuke umesimama juu ya ardhi, nyuma yake ziwa la kijivu lililotulia kana kwamba halihusiki na lolote, na nyuma ya ziwa ule mlima uliokatika kichwa. Harufu ya kiberiti siisikii tena, lakini vijiko vyangu vyote vimekuwa vyeusi. Wakati mwingine siku nne hupita bila mtu kugusa kitasa cha mlango huu isipokuwa mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema umeshawaagiza watoto kwamba siku yako ikifika wasikulaze karibu na baba yao, kwa kuwa mtu aliyekuacha kwa ukaidi wake hana haki ya kukusogelea kaburini. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa kitandani leo na kunikalisha mezani na blanketi mabegani. Nivumilie, nitaanza mbali kidogo.

Ulikuwa ukiona tu mimi na mume wako tunarudi na matope kwenye viatu. Kazi yenyewe hukupata kuiona. Ardhi ya hapa ni ganda. Juu unaona udongo mweupe na majani mawili matatu, chini yake ni matope yanayochemka. Mvua zikipita, ganda hubadilika: palipokuwa pagumu huwa pembamba. Kwa hiyo kila baada ya mvua tulitengeneza njia upya, ili wapimaji wafike kwenye chemchemi na kurudi salama. Mmoja alitangulia na mtaimbo, akipiga ardhi mara tatu kabla ya kila hatua na kusikiliza. Ardhi imara hujibu kwa mkato. Ardhi yenye uvungu hujibu kwa sauti nzito, kama pipa tupu. Palipo imara tuliweka jiwe lililopakwa chokaa, na sheria ya kituo ilikuwa moja: usiyaache mawe.

Mpigaji nilikuwa mimi. Mume wako alinifuata nyuma na mawe na sanduku la vipimajoto. Kituo kizima kiliniita Sikio, na unajua nilivyolibeba jina hilo kama cheo. Shemeji yeye alikuwa wa kucheka. Tukipita kwenye lile dimbwi kubwa la matope alivua kofia akaliamkia shikamoo, akisema chochote kinachokoroma namna ile lazima kimemzidi umri. Mimi nilimwona hana makini. Mungu anisamehe.

Yaliyotangazwa baada ya ajali unayajua: kwamba alikata njia ili awahi chakula, akatoka nje ya mawe, ganda likavunjika. Mimi ndiye niliyemkuta na kumvuta, mikono yangu ikaungua, watu wakanisifu. Wewe, pamoja na msiba wako, ulinipaka dawa na kunifunga bandeji kwa wiki tatu. Ulikuwa ukifunga na kusema kwamba alikuahidi, siku mtoto wa pili alipozaliwa, kuwa hataacha mawe kamwe, na kwamba ahadi yake ilikuwa nyepesi kuliko sahani ya chakula. Wiki ya tatu uliishusha picha yake ukutani. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikakutazama ukiishusha.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Miaka miwili kabla ya siku ile, sauti nzito zilianza kunipotea. Watu niliwasikia nikiwatazama midomo, ndege niliwasikia, lakini jenereta ilinibidi niiguse ndipo nijue kama inafanya kazi. Utakumbuka ulikuwa ukiniita kwa nyuma nisigeuke, ukasema kaka amesoma mpaka amesahau kuitika. Nilikuacha uamini hivyo, kwa sababu afadhali kuitwa mwenye maringo kuliko kiziwi. Mtu anayeitwa Sikio atasemaje kwamba hasikii? Nikajifunza kusikiliza kwa viganja. Mtaimbo ukigonga ardhi yenye uvungu, chuma hutetemeka mkononi kwa namna yake. Misimu miwili viganja havikunidanganya.

Wiki ya ajali, dimbwi kubwa lilichafuka na ardhi yote ikawa inatetemeka yenyewe. Viganja vyangu havikuweza kutofautisha chochote. Ningeahirisha kazi ningeulizwa kwa nini, kwa hiyo nilipiga, nikajifanya nasikiliza, nikaelekeza mawe yawekwe. Mahali fulani karibu na chemchemi ya tatu, shemeji alinigusa bega akaniambia hapo pamejibu vibaya, yeye amesikia. Nilimuuliza, mbele ya wapimaji wawili, kati yetu ni nani anayeitwa Sikio. Wakacheka. Yeye pia akacheka, akainama, akaliweka jiwe pale nilipomwonyesha.

Kesho yake akapita hapo peke yake. Nilipofika alikuwa amezama hadi kifuani. Nilimvuta, nikamlaza juu ya koti langu. Alipokwisha kukata roho, nilitazama nyuma nikaona mawe yalivyonyooka hadi kwenye lile shimo, na nikajua kila atakayekuja atayasoma kama nilivyoyasoma mimi. Nikayahamisha. Mawe saba. Niliyasogeza kando hatua nane hivi, ili ionekane yeye ndiye aliyeyaacha. Mikono uliyoifunga wiki tatu iliungua kwa kumvuta mumeo, hiyo ni kweli, lakini ngozi ya viganja ilibaki kwenye mawe hayo.

Binti yako mkubwa aliwahi kuja huku kuniuliza kama baba yake alikuwa amelewa. Nilimjibu kwamba hapana, alikuwa na haraka tu. Basi uongo huo nao uandike pamoja na mengine.

Nakala ya barua hii nimemkabidhi nesi aipeleke kwa mkuu wa kituo, na nyingine kwa binti yako, kwa sababu sikuamini kwamba ukiipata peke yako hutaificha kwa kunihurumia. Usinihurumie. Sikuombi hata msamaha. Nimeishi vizuri kwa gharama ya jina lake miaka thelathini na tisa.

Limebaki moja. Alipokuwa juu ya koti langu alikuwa bado na pumzi kidogo, na alisema neno. Sikulisikia, lakini wakati ule nilikuwa nimeshazoea kusoma midomo, na nililisoma vizuri, kwa sababu alilirudia. Alisema nikuambie kwamba hakuyaacha mawe.

Nisalimie watoto na wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake. Jifunike vizuri asubuhi, kifua chako hakipendi baridi.

Ni mimi kaka yako,
niliyetumwa kwako nisifike.