Kikao Bila Mimi

Jumanne, 4 Novemba
Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, Lewisham huku ughaibuni, kisha mbio chuoni. Kemia tena. Asidi na besi. Darasani anayenizidi umri ni mwalimu tu. Watoto wananiita "auntie" na kuniomba kalamu. Jaribio la wiki jana nimewapita wote. Waombe tu kalamu. Mgongo unauma.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimeitwa kwenye usaili! Udaktari. Miaka arobaini na moja, na nimeitwa. Alhamdulillahi. Hemed kapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kwenye simu na rafiki zake ananiita "daktari wangu". Nimelia jikoni. Mume kama huyu nitampata wapi.

Jumapili, 30 Novemba
Simu ya Tanga, kama kila Jumapili. Leo wamejaa kwenye kioo: mama, Kaka Salim, baba mkubwa wa Hemed. Nikadhani kuna msiba.
Kaka akaanza. "Mdogo wangu, kama tulivyokubaliana juzi, hilo la udaktari liache. Soma unesi, umalize haraka, ulee watoto."
Juzi? Nani kakubaliana na nani?
Kikao kimekaa bila mimi, na aliyekiitisha, kwa maneno ya Kaka mwenyewe, ni Hemed. Alikuwa kando yangu kwenye kochi, anachuna nyuzi za mto. Na mama alikuwemo. Mama yangu mzazi.

Jumatatu, 1 Desemba
Nimemuuliza. Kazunguka weee, mwisho kasema: "Mama Nasra, mimi dereva wa basi, wewe daktari. Watu watasemaje?"
Kumbe ndilo hilo. Wala si watoto. Kashindwa kuniambia mwenyewe, akamtafuta kaka yangu aniambie. Ningemsamehe kama angenikataza ana kwa ana. Nina hasira. Nina aibu pia, maana nimemsifu kwa kila mtu.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimekwenda kwenye usaili. Sikumuaga Hemed. Treni ilichelewa, nikafika natoka jasho kwenye baridi hii. Maswali ya maadili nimeyaweza. Kisha mama mmoja kati ya wasaili akaniuliza nyumbani ni nani atakayenishika mkono miaka yote hiyo.
Nikasema mume wangu. Sikupepesa jicho.
Nimejichukia njia nzima.

Jumatano, 11 Machi
Nimepata nafasi ya udaktari, ila nifaulu kwanza kozi hii ya chuoni. Barua pepe imeingia wakati nampaka bibi mmoja mafuta miguuni. Nikaisoma, nikamalizia mguu wa pili.
Jioni nimepika ndizi kwa nyama. Hemed kausifu mchuzi. Nasra akaniuliza, kwa Kiingereza chake, mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ale.
Nimeshawajibu wa chuo kikuu kwamba nakubali. Jumapili nitawapigia Tanga, niwaambie wote. Hemed atasikia hapo hapo, pamoja na wenzake wa kikao.