Siku Betri Ilipokata Dutumi

Maili Moja, Kibaha
Jumapili

Dada Asteria,

Shikamoo. Mimi mzima, tena nimezidi uzima, utaona mwenyewe. Mgongo wako unaendeleaje? Na watoto, na ile migomba mipya? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningeishia kuchekacheka.

Ile kazi ya kupima kina cha Mto Ruvu kule Dutumi imekwisha. Mwezi mzima tulikuwa wawili botini: Isihaka, mtu wa Kisarawe, akiendesha, nami nikiingiza vipimo kwenye laptop. Usicheke, laptop yangu ilikula umeme wa boti! Isihaka alifunga kiboksi cha inveta kwenye betri, nikachomeka waya kama niko sebuleni kwako. Alinionya jambo moja tu: jioni nichomoe, kwa kuwa betri ni hiyo hiyo inayowasha injini.

Dada, mto ule unalewesha. Maji yanakwenda taratibu, mayungiyungi yanajisogeza kupisha boti, hata siku za wiki unazisahau. Isihaka si msemaji. Akiona kiboko ananyoosha kidole, basi. Nikimtania, anatabasamu huku anatazama maji. Nami naandika namba, moyo uko kwingine kabisa.

Alhamisi ilikuwa turudishe boti Bagamoyo, kisha yeye ashike njia yake, nami nipande basi la kuja kwako, kwenye chumba ulichoniandalia. Asubuhi akabonyeza kitufe cha injini. Kimya. Betri imekata. Akasema amempigia rafiki yake Dulla alete nyingine, lakini mpaka kesho. Basi tukakaa. Tukala mihogo ya kuchemsha, boti ikitikisika polepole pale ilipofungwa, na yule bubu wangu akaongea! Akanisimulia habari za mama yake, Bi Mwanaamina, na mikorosho yao, na jinsi nyumba ilivyopoa tangu baba yake afariki. Nilitamani jua ligande palepale.

Sasa nikuungamie, maana wewe ndiye uliyenilea. Betri niliimaliza mimi. Jumatano jioni sikuchomoa. Laptop niliiacha inawaka makusudi. Nilitaka siku moja zaidi na yule mtu, hata kama hatasema kitu.

Alasiri akaja Mzee Mwishehe, anayetulindia boti usiku, akatukuta tumekaa. Akamuuliza Isihaka leo kapatwa na nini, mbona betri ikilegea siku zote huivuta injini kwa kamba nayo inawaka. Isihaka akainamisha kichwa. Mzee alipoondoka akakiri: Dulla hakupigiwa simu, dada. Na asubuhi ile aliukuta waya wangu bado umechomekwa, akanyamaza.

Ijumaa alivuta kamba mara moja tu, tukaondoka.

Jumamosi ijayo nakwenda Kisarawe kumwamkia mama yake. Kile chumba mpe mtoto mmoja alale, mimi sirudi. Najua yeye Mwislamu na sisi tumekulia kanisani. Najua utapiga kelele. Piga, dada yangu, ukimaliza unisemee kwa baba, maana naogopa.

Wasalimie wote, na huo mgongo uukande kwa maji ya moto.

Mdogo wako akupendaye,
Stellamaris