Maneno ya Ouma, Jina Langu

Jumatano, Migori. Joto limenishika shingo tangu asubuhi, na mvua inazunguka tu huko Uriri bila kufika. Sijala. Nimemimina chai mara tatu na kila mara nimeiacha nusu.

Nimefanya jambo la aibu.

Miaka sita naandika, na hakuna mstari hata mmoja wenye jina langu. Kuna makala za tovuti za watu, ambazo mkataba unanifunga mdomo. Kuna hotuba za harusi, risala za kanisa na, zaidi ya yote, wasifu wa marehemu. Familia inakuja, tunakaa, nauliza maswali, nalia nao kidogo, kisha naandika kwa sauti ya kifungua mimba, naye anausoma siku ya mazishi kama wake. Ndivyo kazi ilivyo. Mganga hajigangi.

Wiki jana mhariri wa jarida moja la mtandaoni, Nairobi, aliniambia anatafuta mtu wa kuandika safu ya kila mwezi kuhusu maisha ya huku kwetu. Akaomba sampuli moja tu. Nilipekua kompyuta nzima. Kila nilichoshika kilikuwa cha mtu.

Nikatuma wasifu wa mzee mmoja wa Kosele, ule aliousoma mwanawe Ouma mwaka jana. Nilibadilisha majina. Mnada wa Ogwedhi nikaufanya wa Isebania. Lakini niliacha ile sehemu ya mzee kwenda mnadani kununua fahali, akarudi na ndama kilema kwa sababu alimwonea huruma. Niliiacha vilevile kwa kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Kosele nzima inamjua huyo ndama.

Leo asubuhi mhariri amejibu. Ameipenda. Anaitoa Ijumaa, na jina langu juu yake, na safu ni yangu. Anataka tu nithibitishe kabla ya saa kumi.

Nilifurahi kwa dakika moja hivi.

Saa saba nikampigia Mama Ouma, mjane wa yule mzee. Nilitaka ruhusa. Niseme kweli: nilitaka aniambie haina neno, nipumue. Nikamweleza yote.

"Nyathina," akasema, "mwanangu, hiyo maneno Ouma alisoma na machozi. Watu wakajua anapenda babake. Sasa ukiweka huko na jina yako, Ouma alisema nini kwa babake?"

Angenikaripia ingekuwa afadhali. Aliniuliza tu kama nimekula, akakata simu.

Siku ile ya mazishi nilikaa nyuma ya hema, nikasikia akina mama wakilia kwa maneno yangu, nikajivuna. Nikajisemea, laiti wangejua. Nadhani wizi wenyewe ulianzia hapo.

Saa tisa na nusu nikamwandikia mhariri kwamba hadithi si yangu, ni ya familia, naomba aifute. Nikamweleza kazi ninayofanya. Nilijua naifukuza safu kwa mkono wangu mwenyewe.

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja. Sawa, basi nimtumie iliyo yangu, kesho saa sita mchana.

Iliyo yangu ipi?

Nimekaa mbele ya ukurasa mtupu karibu saa nzima. Nimeanza mara nne, na mara zote nne nimejikuta nasema kama mtoto wa mtu mwingine anayemzika baba yake. Nimewalilia wazee wengi nisiowajua, na sijui nianzeje kusema lolote kuhusu mimi. Hilo linaniogopesha kuliko kuikosa safu.

Nimefuta yote. Nimeandika hivi: Naitwa Akinyi. Baba yangu yuko hai, Homa Bay, na sijawahi kumuuliza swali hata moja.