Alama ya Kidole Chako

North York, 9 Novemba

Mama Ashif,

Mimi mzima, ila goti linanikera kwa baridi hii. Ashif alikuja Jumapili. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, kama kawaida yake.

Ile merikebu ndogo ya mbao ninayoiunda mezani inakaribia kwisha. Sasa nabandika vibamba vya shaba sehemu ya chini, inayozama majini, kimoja kimoja, kila kimoja sawa na ukucha. Navaa glavu, maana jasho la mkono huitia shaba weusi. Wewe kabla ya kwenda Tanga ulibandika kimoja kwa mkono mtupu; nilipokufokea, ukacheka. Sasa alama ya kidole chako imejitokeza, nyeusi, kila mstari wake. Wenzangu wa chama cha waunda merikebu ndogo wanasema niisugue kwa ndimu na chumvi. Wana wazimu.

Ulisema unakwenda kumuuguza mama yako miezi miwili. Mama alizikwa Machi. Kwenye simu sikuulizi utarudi lini, kwa sababu naogopa jibu.

Safu ya mwisho nimekubakizia. Ukija, usivae glavu.

Wako,
Sadrudin