Mama Kwenye Skrini

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo huko ugenini? Kile kifua kimepoa? Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu, na paa la jikoni limeshazibwa.

Juzi nilikwenda kwenye maonyesho ya mwanao na wenzake, ile sanaa yao ya kompyuta. Nilivaa vizuri, nikijua naenda kumpongeza. Kumbe ukutani, kwenye skrini, amemweka marehemu mama! Uso wake, kitambaa chake, na ukimwuliza jambo anakujibu kwa sauti yake mwenyewe. Kijana mmoja akamwuliza, "Bibi, nitaoa lini?" Akajibiwa, "Ukianza kuoga," na ukumbi mzima ukacheka. Mama yetu, aliyekata roho akisali!

Nikamsogelea nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akasema, "Karibu, mgeni."

Nikachomoa waya. Sikujua kwamba waya ule ndio uliowasha skrini za wote. Wasanii wakanijia juu, na mwanao akafoka, "Mama mkubwa, umeniaibisha!"

"Aibu ni kumfanya bibi yako kichekesho!"

"Sauti zake nilipewa na mama yangu. Muulize."

Zile ni dua alizokurekodia mama yetu akiwa kitandani, na mimi ndiye niliyemshikia simu. Leo wamewasha tena, na wageni wanaendelea kumchezea.

Kama ni kweli ulimpa, mwamuru amtoe mama pale. Kama aliiba, niambie, nimwombe Mungu anisamehe kwa ninavyokuchukia sasa hivi. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako, kwa leo.