Return Iliyorudi Mikono Mitupu

4 Februari

Kaka mpendwa,

Hujambo huko kwenye kambi ya ujenzi wa barabara kusiko na mtandao? Sisi wazima, mama anakusalimu. Baba ulimi bado haujafunguka tangu apate kiharusi, ila mkono wa kushoto una nguvu. Ile programu ya kumsemea uliyoniandikia kwenye barua nimeinakili herufi kwa herufi. Vitufe vimetokea: maji, naumwa, mama, mimi. Baba kabonyeza weee, wapi! Kompyuta kimya. Alivyonitazama, nilikimbilia jikoni kulia. Shangazi anasema tumwache, eti akili imeshaondoka. Nifanyeje?

Dada yako

19 Februari

Dada mpenzi,

Mimi mzima, ni vumbi la barabara tu. Poleni sana. Kosa langu! JavaScript, lugha ya hiyo programu, inasomwa toka juu kwenda chini, nami niliiweka juu kabisa ya ukurasa. Ikavitafuta vitufe kabla havijakuwepo, ikakata tamaa. Ihamishie chini, baada ya vitufe vyote. Na shangazi mwache aseme.

Kaka yako

2 Machi

Kaka,

Habari za kazi? Huku afya zipo. Nimehamisha, na sasa baba akigusa neno, linabadilika rangi! Lakini akibonyeza kitufe cha Sema ili kompyuta iyatamke, kimya kilekile. Mwisho nimeandika hivi, kama barua yako:

return
maneno.join(" ");

Shangazi sasa anamlisha huku akimsema mbele yake. Inaniuma, kaka.

Dada yako

15 Machi

Dada we,

Salamu kwa wote. Karatasi iliniishia pembeni, nikashuka mstari, na wewe ukanifuata kama askari! JavaScript ikikuta return, yaani "rudisha", peke yake, inajifungia sentensi yenyewe na kurudi mikono mitupu. Cha chini, yale maneno ya baba yaliyounganishwa, haikifikii, wala hailalamiki. Miaka yote hii bado inanishangaza. Andika mstari mmoja: return maneno.join(" "); halafu mwongezee maneno, baba si mgonjwa tu.

Kaka yako

28 Machi

Kaka yangu,

U mzima? Sisi wazima. Nilirekebisha, nikaongeza nasikia, yote, sitaki, nipo. Baba akabonyeza polepole kwa kidole kimoja. Kompyuta ikasema: "Mimi nasikia yote."

Yaani nywele zilinisimama! Mama alikaa chini palepale sakafuni. Shangazi akamsogelea, machozi yanamtoka, akamuuliza, "Kaka, kumbe siku zote hizi ulikuwa humo ndani?"

Baba akamtazama, akanyoosha kidole, akabonyeza.

"Nipo."

Dada yako